Seva za Mbale, Mimi Nalufenya

Jumatatu, 5 Agosti
Balaa! Bosi Siraje anataka niende Mbale kufunga seva tatu mpya. Agosti! Mwaka wa tohara kwa watu wa huko! Ngoma mpaka barabarani. Na mimi Masinde, Mbukusu, jamaa yao wa damu, mtu mzima mwenye ndevu, nilikikimbia kisu nikiwa kijana nikajificha Jinja. Wakinijua, watanimalizia sokoni mchana kweupe. Nimemwambia bosi tumbo linaniendesha. Akasema Mbale pia kuna vyoo.

Jumanne, 6 Agosti
Akili ni mali! Kila seva ina kikadi ndani, hakilali hata seva ikizimwa. Ukiwa na nywila yake unaiwasha seva, unaifuta, unaipakia mfumo mpya, wewe umelala zako hapa Nalufenya, Jinja. Nimeandika programu ifanye yote hayo. Bosi amekubali, mradi Nabalayo wa ofisi ya Mbale achomeke nyaya. Mwanamke huyo ananitisha. Leo kapiga simu kuuliza mbona sikanyagi kwao. Eti mjomba wake ni ngariba, anapenda sana wageni! Nilikata simu.

Jumatano, 7 Agosti
Nabalayo katuma anwani za vikadi vinne. Vinne? Akasema nihakiki kwanza seva ipi ni ipi, ama nije nijionee. Nije! Nikabonyeza zote haraka kabla hajanialika tena. Futa, pakia, washa. Safi! Nilicheka peke yangu.

Jioni. Sicheki tena. Ya nne ilikuwa seva ya zamani ya ofisi ya Mbale, inayohudumia wateja. Hoteli, redio, maduka ya jumla, wote hawana intaneti. Mungu wangu, nimekwisha.

Alhamisi, 8 Agosti
Bosi hakufoka, na hilo ndilo linaniogopesha. Kasema taratibu kwamba nakala ya data iko kwenye diski kabatini Mbale, nikairudishe mwenyewe kesho, la sivyo nitafute kazi kwingine. Mke wangu Roselyn, anayeijua siri yangu, kauliza kwa nini nisiende zahanati hapa mtaani, nipigwe ganzi, yaishe. Nikamuuliza kama daktari anatumia kijiko badala ya kisu. Hatusemezani.

Ijumaa, 9 Agosti
Mbale. Data imerudi. Ngoma zikapita dirishani, nikajikuta chini ya meza, jasho tiririri. Nabalayo akainama akanipa chai huko huko. Akasema, bwana Masinde, mjomba hawawindi waoga, anawapokea wanaokuja wenyewe. Yeye alitaka tu nihakiki mashine kabla ya kuzifuta. Aibu! Lakini niko mzima!

Sasa tuko njiani kurudi Jinja. Funzo nimelipata: kosa ni kumsikiliza Nabalayo. Nimeandika programu mpya kwenye simu, inayotafuta vikadi yenyewe na kufuta seva bila kumuuliza mtu. Nimeijaribu papa hapa garini.

Bosi amempigia Tyson, dereva: wateja wa Mbale hawana intaneti tena. Hakunipigia mimi. Tyson anageuza gari kurudi Mbale. Ngoma naanza kuzisikia tena.

Hata hivyo, programu imefanya kazi vizuri sana.