Siku Mkongwe Aliponyweshwa Mahindi

Sogeeni, enyi akina mama mliojaliwa magari ya zamani na waume wenye msimamo! Sogeeni mkae, maana niyaletayo si porojo za kwenye foleni ya duka, bali ni habari za siku ile kuu ambayo mji wetu wa Nordby, katika jimbo la Iowa, ulitikisika kuanzia benki hadi kanisani. Nayaandika ili mtoto wa mwenzangu asije akalala chali barabarani mbele ya watu elfu moja, kama alivyolala wangu.

Palikuwa na gari, jina lake Mkongwe. Rangi yake ya shaba ilikuwa imeliwa na chumvi ya majira thelathini ya theluji, na saa yake ya maili ilikuwa imehesabu laki mbili na elfu arobaini na moja, mwendo wa kufika mwezini na kubakiwa na wa kwenda kununua maziwa. Aliyemwendesha kwanza ni mama mkwe wangu, Alvina, kisha akamrithisha binti yangu Thea, auzaye vipuri kwenye duka la matrekta.

Tena palikuwa na Orrin, mume wangu, simba wa mahindi, mwana wa mkulima wa mahindi, mwenyekiti wa wakulima wa mahindi wa wilaya nzima, ambaye mavuno yake karibu yote huenda kiwandani kugeuzwa pombe ya kuchanganya na petroli. Mwaka huo mama yake, akiwa na miaka tisini na sita, aliteuliwa kuwa Mkuu wa Gwaride la Siku ya Mahindi, akasema atapanda Mkongwe na si kingine. Orrin akaona bahati imemwangukia. Akaandika ubao, akaufunga mlangoni: NAENDESHWA NA MAHINDI YETU.

Basi siku ya Ijumaa akampeleka Mkongwe kituo cha mafuta, akaupita mpini mweusi wa pampu ya petroli ya kila siku, yenye pombe kidogo tu, akaukamata wa njano, ule ambao kitokacho humo ni pombe, na petroli imetiwa kidogo kama chumvi ya mboga.

"Orrin," nikamwambia, "kibandiko kinasema hii ni ya magari yaliyotengenezewa. Huyu hakutengenezewa."

Akasimama, mpini mkononi kama mkuki, akanena: "Marlys, mke wangu, kibandiko hicho kimewahi kupanda hata hindi moja? Kimewahi kuamka alfajiri barafu ikiwa imefunga mlango? Babu yangu alilima nchi hii kwa farasi wawili na mguu mmoja mbovu! Leo gari la mama yangu likatae jasho la ukoo wake?"

"Gari halijui ukoo," nikasema. "Lina mipira ya kupitishia mafuta ya mwaka tisini na moja."

Akatia galoni nne. Mimi usingizi ulinipaa. Asubuhi nikamsihi Thea achukue filta mpya ya mafuta dukani kwao, akaichukua akaitia mfukoni pamoja na spana. "Nimechukua, Mama. Sasa utakunywa chai kwa amani?"

Sikunywa. Maana pombe, wenzangu, ni mfagiaji asiyejua kupumzika. Humkuta mzee ametulia na uchafu wake wa miaka thelathini tumboni, ikausugua wote, ikausukuma mbele hadi kwenye filta, na hapo njia huziba.

Gwaride likaanza. Viti vya kukunja vilikuwa vimepangwa pande zote mbili tangu jana yake, watoto wakigombea peremende zilizorushwa. Mbele kabisa alikuwa Mkongwe, Thea kwenye usukani, na nyuma Alvina mwenye taji la majani ya mahindi, akipunga mkono kama aliyezaliwa kwa kazi hiyo. Nyuma yao trekta la Wendell, jirani yetu, mkulima wa soya. Mimi na Orrin tulikuwa vitini mbele ya benki.

Kukohoa alianzia kwa kinyozi. Alipofika mbele ya benki, Mkongwe akatetemeka, akatoa mlio kama mtu anayemeza maneno, akanyamaza. Thea akajaribu mara saba. Wapi!

Alvina akainama mbele. "Mjukuu wangu, nimekunywa bilauri tatu za maji ya limau."

"Bibi, choo kiko kanisani, gwaride linapoishia, hatua mia tatu tu. Shuka nikushike mkono."

"Sishuki! Marehemu mume wangu alikuwa Mkuu wa Gwaride mwaka wa sitini na nane, akashuka kwa ajili ya mvua, hapa hapa benki. Mpaka anazikwa walimwita Nusu Gwaride. Nitafika kwa magurudumu, au nitafika nimelowa."

Ole wetu! Hiyo ndiyo saa ya mizani, heshima ya ukoo upande mmoja na bilauri tatu upande wa pili.

"Orrin!" Wendell akaita juu ya trekta. "Nina mnyororo. Nikuvutie?"

"Gari la mahindi livutwe na mtu wa soya? Afadhali nife!"

"Wewe hufi, bwana. Mama yako ndiye anayepata shida."

Ndipo Thea, shujaa wa spana, na gauni lake jeupe la sherehe, akajitupa uvunguni mwa gari. Nikapiga kelele hakuna kuvuta sigara, hata mchungaji aliyekuwa anatafuna chingamu akaitema. Mafuta yakamchuruzika mwanangu hadi kwenye kiwiko, na si kama kahawa nyepesi ya kanisani kwetu, ambayo unaona kitako cha kikombe, bali meusi kweli. Akatoka akiinua ile filta ya zamani juu, kama kichwa cha joka.

"Mpya nimefunga," akasema. "Lakini akinywa kile kile, atazima tena. Nataka petroli tupu, isiyo na tone la pombe. Nani anayo?"

Watu elfu moja wakatazama viatu vyao. Orrin akapanua kifua: "Nordby hii? Kitu hicho hakimo katika nyumba ya mtu yeyote!"

Alvina akafumba macho, akakunja miguu. Nikaona siwezi tena. Nikapanda juu ya kiti changu.

"Orrin, ipo! Dumu jekundu, gereji kwetu, nyuma ya friza, umelifunika gunia la mbegu. Ndiyo unayotia kwenye mashine ya nyasi. Anayekata nyasi ni mimi!"

Hapo ikatoka sauti ya simba, ndogo kama ya panya: "Mashine ile ni ghali, Marlys. Pombe inaharibu kabureta."

Hakuna aliyecheka. Nikashangaa kwa nini, hadi Wendell alipoteremka. "Mimi ninayo mawili," akasema. Naye katibu wa chama cha mahindi akaenda nyumbani kwake, nyuma ya benki, akarudi na boksi la barafu, na ndani hamkuwa na barafu. Yakaja madumu yamefunikwa taulo, yakaja ndani ya vigari vya watoto, yakaja mekundu pande zote mbili za barabara, jeshi lililokuwa limejificha kwa miaka katika gereji za watu wema!

Thea akamimina hadi tangi likajaa. Akawasha mara moja, mara ya pili. Mara ya tatu Mkongwe akapiga chafya, akanguruma.

Hatua mia tatu! Alvina alizipita akipunga mkono, meno yameumana, taji limenyooka. Mbele ya kanisa akashuka, akaingia kwa mwendo wa malkia mwenye haraka, mkavu kama gunzi. Kengele ikapigwa. Tangu hapo Nordby hawasemi mwaka wa mafuriko wala mwaka wa ukame. Husema mwaka wa madumu.

Ubao wa Orrin sasa uko gerejini, umefunika lile dumu. Nanyi wenzangu, mwanamume akikuambia gari la mwanao linywe nini, mwitikie kwa adabu, kisha nenda kachungulie mashine yake ya nyasi inakunywa nini.