Baba wa Ruby Kampala

Jumatatu, 2 Julai 2007

Leo nimeacha kazi. Saa tatu asubuhi, kwa barua ya mistari minne. Bosi wa duka la kutengeneza printa hapa Kansanga aliisoma, akaniuliza kama naumwa. Nikamjibu kwamba mimi, Khaemba, sijawahi kuwa mzima kama leo.

Sababu ni hii. Madam Concy, mkuu wa chuo cha kompyuta kule Old Kampala, amekubali! Jumamosi saa tisa alasiri nitawatambulisha waandishi wa programu wa mji huu kwa lugha ya kompyuta iitwayo Ruby. Wakiipenda, darasa linaanza Agosti na mwalimu ni mimi. Ofisi yangu! Mlango wenye jina langu!

Ruby ni lugha ya ajabu. Huhitaji kutangaza kila kitu kabla ya kukitumia. Unaandika, inafanya papo hapo. Na kila kitu ndani yake ni kitu hai chenye akili zake. Hata namba. Unaiambia tatu, "fanya hivi mara zako," nayo inafanya mara tatu bila kuuliza. Nimesoma kurasa arobaini na moja kati ya mia tatu za kitabu chake. Wengine wote Kampala, kwa ninavyojua, wamesoma sifuri.

Nikiwa natoka chuoni kwa Madam Concy nilikutana na Komakech kwenye ujia. Anafundisha Java, lugha nyingine ya kompyuta, hapo chuoni na anatembea kama aliyeibuni. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kambi ya jeshi: "Hiyo lugha yako, nani natumia hapa Kampala?"

Nikamwambia: kuanzia Jumamosi, wote. Na wewe!

Jumanne, 3 Julai

Nimepeleka vitini vikapigwe chapa kwa Kahambu, Mama Tresor, yule Mkongomani mwenye meza moja na kompyuta moja kati ya saluni na duka la simu. Huwaandikia wakimbizi barua na wasifu wa kazi. Anapiga chapa kama mvua juu ya bati. Nimempa kurasa arobaini nilizonakili kitabuni kwa mkono, na kuziboresha hapa na pale.

Akauliza alama hizi zote zina maana gani. Nikamwambia asijaribu kuelewa, apige tu. Akasema: "Lakini Mwalimu, nikikosa nukta moja nitajuaje?" Swali juu ya swali. Ili anyamaze nikamwekea Ruby kwenye mashine yake, ajihakikishie mwenyewe. Kweli akanyamaza. Nilipoondoka alikuwa ameinamia kioo, mteja amesimama anakohoa.

Kumbe jengo lao litavunjwa mwisho wa mwezi. Barabara inapanuliwa kwa ajili ya wageni wa mkutano wa Jumuiya ya Madola wa Novemba. Alisema hajui ataenda wapi na meza yake. Nilimpa pole sana. Kisha nikamuuliza kama kurasa zitakuwa tayari Alhamisi.

Jumatano, 4 Julai

Siku ya matangazo. Saa mbili nilibandika la kwanza kwenye ukuta wa chuo: RUBY IMEFIKA. Saa nne nikakuta Komakech amebandika lake juu ya langu: JAVA, LUGHA YA WATU WAZIMA. Nikabandika juu ya lake. Akabandika juu ya langu. Hatukusemeshana. Kila mmoja alikuwa na gundi yake.

Saa kumi rundo lilikuwa nene kama godoro la jela. Sulaimani, mlinzi wa lango, akaja na kisu cha kukwangulia, akabandua yote kwa pigo moja. Alisema: "Ssebo, bwana wangu, ukuta umepakwa rangi juzi. Mkibandika tena nawapaka nyinyi."

Kwa hiyo hakuna tangazo hata moja. Sikuyumba! Nimetuma ujumbe wa simu kwa watu sitini. Nimewaahidi elimu, soda na cheti. Soda nitaifikiria. Cheti nitakichora.

Alhamisi, 5 Julai

Asubuhi nilifanya mazoezi chumbani. Makosa sita ndani ya dakika kumi! Kila nikikosea, mashine inamwaga mistari mirefu ya lawama, na inataja hadi namba ya mstari niliokosea. Hilo likitokea mbele ya Komakech, nimekwisha.

Nikaanza kupekua kitabu kwa hasira, nikaangukia ukurasa wa mia moja themanini na saba. Hazina! Kumbe Ruby inakuruhusu kufungua hata msingi wake. Unaweza kuviagiza vitu vyote: mkiambiwa neno msilolijua, msilalamike, jibuni hivi. Nikaandika mistari mitano. Sasa nikikosea neno lolote, mashine haitoi lawama. Inasema: "Sawa kabisa, Mwalimu!"

Nimejaribu. Nikaandika jina la mama kwa makosa. Sawa kabisa, Mwalimu! Nikaandika ugali. Sawa kabisa, Mwalimu! Nimecheka peke yangu hadi jirani akagonga ukuta.

Mchana nikaenda kuchukua vitini. Kahambu akaniambia mfano wa ukurasa wa kumi na mbili haufanyi kazi, ameujaribu. Nikamweleza kwamba kosa ni la makusudi, ili wanafunzi waligundue. Akauliza kama na la ukurasa wa kumi na nne ni la makusudi. Na la kumi na tano. Na yale mawili ya kumi na tisa. Nikasema yote. Akaniomba radhi kwa upole. Alikuwa amekwisha kuyasahihisha.

Nilimwonya asimsahihishe mwalimu. Halafu nikamwomba aje Jumamosi akae kiti cha mbele, awe anatikisa kichwa kukubali. Jumamosi ndiyo siku yake ya wateja wengi, najua. Nikamwambia ni kwa ajili ya maendeleo ya teknolojia. Akafikiri, akasema: "Nitafunga, Mwalimu. Miye pia nataka kusikia watu watauliza nini."

Mtu mwaminifu. Nimempangia karibu na feni.

Jumamosi, 7 Julai

Naandika nikiwa nimelala kitandani na viatu. Nitaandika kila kitu, kwa sababu mwanahistoria hafichi.

Walikuja watu thelathini na wanne! Projekta iliwaka. Umeme haukukatika. Madam Concy alikaa pembeni na daftari. Komakech alikaa safu ya pili amekunja mikono. Nikaanza kwa ile tatu yangu, nikaiambia iseme "Karibu Ruby" mara zake. Ikasema mara tatu. Makofi! Nikaona mlango na jina langu juu yake.

Nikakosea. "Sawa kabisa, Mwalimu!" Ukumbi ukacheka kwa furaha. Nikasema mnaona, lugha yenye adabu. Nikakosea tena. Sawa kabisa. Mara ya tano watu waliacha kucheka, wakaanza kutazamana.

Hapo akasimama Cleopas, kijana mwandishi wa programu wa benki, mwenye tai. Akaniomba nijumlishe umri wa watu watano. Jambo dogo! Nikaorodhesha namba tano, nikaziambia zijijumlishe. Mashine ikajibu: "Sawa kabisa, Mwalimu!"

Cleopas akasema aliomba jumla. Nikamjibu kwamba jumla ni sahihi, ndiyo maana mashine imekubali. Akauliza, sahihi ni ngapi? Nikasema kompyuta za kisasa hazibabaishwi na tarakimu.

Komakech akainuka, akaomba kibodi. Ningekataaje, mbele ya watu thelathini na wanne? Akaandika kwa vidole viwili, polepole, ukuta mzima ukisomeka: khaemba_anajua_ruby. Mashine: "Sawa kabisa, Mwalimu!" Akaandika: khaemba_hajui_ruby. "Sawa kabisa, Mwalimu!" Akaandika: java_ni_bora.

Sitaandika mashine ilijibu nini.

Watu walicheka hadi viti vikasogea. Wawili waliinuka kuondoka. Madam Concy akafunga daftari.

Ndipo Kahambu aliposimama. Nilidhani anakwenda kwa wateja wake. Akaenda kwenye kibodi. Akasema: "Mutusamehe. Mashine haisemi uongo. Imeagizwa." Akafungua mistari yangu mitano, akaitandaza ukutani. Nikatamani kuingia chini ya meza. Lakini hakunicheka. Aliwaeleza kwamba Mwalimu ameonyesha jambo kubwa bila kulitaja: lugha hii inakuachia wewe mwenyewe ufunguo wa msingi wa nyumba. Unaweza kuongeza chumba, na unaweza kuiangusha. Akaifuta ile mistari. Akaandika ombi langu lilelile. Mashine ikalalamika kwamba orodha haijui kujijumlisha. Akasema basi tuifundishe. Akaifundisha kwa mistari michache, akaiuliza tena. Mia moja sitini na tatu. Cleopas akahesabu kwenye simu yake, akatikisa kichwa kukubali.

Halafu akatoa cha kwake. Tangu Jumatano, kumbe, wateja wakipungua, alikuwa anaandika programu ya ile ofisi yake. Unaipa jina la mtu, alikotoka, watoto wangapi, na barua inajua yenyewe jinsi ya kujipanga. Barua ya shule inajipanga kivyake, ya hospitali kivyake, lakini zote zinaitika amri moja. Hata wale wawili waliokuwa mlangoni walirudi wakakaa.

Komakech alimuuliza maswali matatu. Maswali ya kweli, si ya kuchokoza. Mawili akayajibu. La tatu akasema hajui, atalisoma, na ukumbi ukampigia makofi kwa hilo pia! Mimi sijawahi kupigiwa makofi kwa kutojua.

Madam Concy akamuuliza alisomea wapi. Akasema: "Miye nilifundisha hesabu kule Butembo, Madam. Sekondari. Miaka kumi na moja, mpaka vita."

Nimempelekea barua na vitini kwa mwaka mzima. Sikuwahi kumuuliza.

Wakati watu wanamzunguka, Cleopas alinifuata. Niliweka uso wa heshima. Akauliza soda ziko wapi.

Jumapili, 8 Julai

Sikwenda kanisani. Saa nne na nusu Kahambu akaja chumbani kwangu, amevaa kitenge cha ibada. Akakaa ukingoni mwa kiti. Akasema Madam Concy amempa darasa la Agosti. Na chumba cha nyuma cha chuo, aweke meza yake jengo likivunjwa.

Akasema kwamba hajajibu bado. Kwamba darasa lilikuwa langu, na kwamba Ruby aliipata mkononi mwangu. "Ukisema hapana, Mwalimu, nitakataa. Si kwa hasira."

Alikuwa anamaanisha. Nilimtazama nikaona angekwenda kweli kukataa, kisha angerudi kwenye meza yake kusubiri matingatinga. Nilikuwa na hotuba tayari kuhusu haki ya mtu wa kwanza. Nikaiweka kando. Nikasema achukue.

Akasema: "Aksanti sana, Mwalimu." Akaniinamia kidogo, mimi, mtu ambaye ukumbi mzima ulimcheka jana! Akasema pia amemwomba Madam Concy niwe msaidizi wake. Ningegawa vitini na kufuta ubao.

Nikakataa. Kuna mipaka. Alipoondoka nilikirudisha kile kiti mahali pake. Nilijisikia vizuri, hali ambayo sikuielewa, nikanywa chai ikaondoka.

Jumanne, 10 Julai

Nimekwenda dukani kumwona bosi. Nafasi yangu imekwisha kujazwa. Kijana mpya, Anselme, alikuwa amefungua printa ambayo mimi nilisema imekufa. Ilikuwa inachapa.

Haidhuru! Jana nzima nimechunguza kilichoharibika Jumamosi, bila kujionea huruma. Nimepata jibu. Nilijiandaa kupita kiasi. Mazoezi, vitini, mistari mitano ya ziada! Mtu akijiandaa sana, watu wanapata vitu vingi vya kumkagua. Tatizo la pili ni mahali. Old Kampala pamejaa watu wa kuuliza jumla ni ngapi.

Leo alasiri nimeteremka hadi Namuwongo. Ndugu Masinde, mtu wa kwetu Bungoma, ana ukumbi wa kuonyeshea mpira karibu na reli. Nimemweleza habari za Python: nayo ni lugha ambayo kila kitu ndani yake ni kitu hai, wala hakuna mtu Namuwongo aliyeitambulisha bado. Macho yakamtoka. Tumepatana Jumamosi, saa tisa, kabla ya mechi. Ameshaandika kwa chaki mlangoni: PROFESA KHAEMBA.

Akaniuliza kwa wasiwasi kama hiyo Python ni ngumu. Nimemtoa hofu kabisa. Nimemwambia ni nyepesi mno, mtu anaishika kwa jioni moja, na kwamba mimi mwenyewe nitaanza kuisoma Ijumaa.