Makovu ya Korosho

Jumatatu, 3 Oktoba 1949. Nachingwea.
Bwana mtafiti anataka kujua kwa nini wageni waliovuka Ruvuma wanakataa kuchanjwa ndui. Mimi nauliza, naandika. Dastani naye anauliza, anaandika. Mmoja wetu atakuwa karani mkuu. Dastani! Mtu asiyejua hata kuchonga penseli!
Leo nimemhoji Mzee Shaibu, Mmakua, kibarua wa kung'oa visiki kwenye shamba la karanga. Kasema kule kwa Wareno ukichanjwa unaandikwa jina, na ukiandikwa jina unapelekwa kazi ya lazima. Kaka yake hakurudi. Basi. Mistari mitatu tu! Dastani kajaza kurasa nane. Nimeongeza mizimu ya kubuni, nami nijaze kurasa.

Alhamisi, 6 Oktoba.
Dastani kasifiwa. Roho imeniuma. Lakini nimepata akili! Mafuta ya ganda bichi la korosho hubabua ngozi, kila mtu huku anajua. Tone moja mkononi, kidonda, halafu kovu kama la chanjo. Nimewapaka Wamakua arobaini na mmoja, nikawaambia ni chanjo isiyoandikwa jina. Wameshukuru mno. Bi Biasha, mke wa Shaibu, kanichinjia kuku.

Jumatatu, 24 Oktoba.
Makovu yamekubali. Bwana kayaona, nikamwambia niliwachanja mwenyewe kwa dawa ya misheni ya Mnero; nusura alie kwa furaha. Mchanjaji kaambiwa apeleke dawa Mbekenyera, hapa kazi imekwisha. Karani mkuu ni mimi!

Jumamosi, 5 Novemba.
Ndui imeingia kambini. Kumi na mmoja wamelala, Shaibu mmojawapo. Bwana anauliza hii ilikuwa chanjo gani. Nimesema dawa ilipigwa na jua. Dastani ananitazama sana.

Jumatano, 9 Novemba.
Tumemzika Mzee Shaibu. Uso haukuwa uso tena. Nimelia, wallahi nimelia.
Bi Biasha alinivuta kando, akafunua mkono. Akasema, baba, yeye ndiye aliyemuuguza mumewe. Je, kovu hili litamkinga? Dawa ya kweli ipo Mnero. Ningemwambia, pengine angewahi. Lakini angeuliza kwa nini, na Dastani alikuwa amesimama karibu. Nikamjibu kwamba kovu lake ni zuri kuliko yote. Akashukuru.

Ijumaa, 25 Novemba.
Bi Biasha amezikwa asubuhi. Sikwenda, nilikuwa nafunga mizigo.
Bwana anahamia Ruangwa. Anasema wageni wa kule ni wabishi zaidi, anahitaji mtu anayeaminiwa nao. Dastani kaachwa! Nimemwambia Bwana asiwe na wasiwasi, mimi watu hunisikiliza.