Kuinuka Kitini kwa Bwana Shauri

"Inatangazwa kwa wote wa Kibiti, Mbwara na visiwa vya delta, wenye magari na wasio na magari, kwamba Serikali imekwisha kuamua ni lini shokapu za pikapu yake zitabadilishwa. Zitabadilishwa zikichakaa."

Tangazo hilo niliandika mimi, Mwinyimvua bin Mussa, Karani wa Kwanza wa ofisi ya Kibiti, enzi za Mwingereza, mwaka wa hamsini na mbili. Karani wa Pili hakuwapo, lakini cheo ni cheo. Nililibandika mlangoni, nikarudi nyuma hatua tatu, nikalisoma kwa sauti. Wenye magari wote wa Kibiti walipaswa kufurahi. Gari lilikuwa moja tu, nalo ndilo hilo la Serikali.

Kwa asiyejua, shokapu ni vyuma vinavyolituliza gari lisiendelee kurukaruka likishapita shimo. Zetu zilikuwa zimekufa. Sadala, dereva, alikuwa akinieleza hivyo kwa miezi kumi na minne.

"Karani, mafuta yote yamevuja. Shimo moja, gari linaruka mara sita."

"Sita kwa kipimo gani?"

"Kwa kiuno changu."

"Kiuno chako si chombo cha Serikali," nikamwambia. Jibu hilo lilinipendeza mno, nikalinakili kwenye daftari langu.

Maana kipimo kilikuwapo. Kilikuwa katika Kifungu cha Nne cha kanuni za magari ya Serikali, ambacho nilikitafsiri mwenyewe kutoka Kiingereza kwa siku mbili: "Shokapu zitahesabiwa zimechakaa pale ofisa wa cheo kisichopungua Bwana Shauri, akiwa ameketi mbele, atakapoinuka kitini bila ya hiari yake. Dereva atamuuliza papo hapo kama ameinuka kwa hiari au bila ya hiari, na karani ataandika jibu." Kwa ufupi, jambo zima lilikuwa mikononi mwa Bwana Shauri, ingawa si mikononi hasa.

Bwana Shauri, ofisa Mwingereza wa wilaya, alikuja kutukagua kila baada ya miezi mitatu, akapanda pikapu mpaka pantoni ya Ndundu. Sasa niambie: mimi karani mwenye adabu zangu nimwache mkubwa wangu arushwe kama bisi? Nilifanya ambalo mtumishi yeyote mwema angefanya. Niliteua Uzito wa Serikali. Watu wanane, wanaume saba pamoja na Bi Tatu muuza vitumbua, walipanda nyuma kila safari ya mkubwa. Gari likishiba watu halina haja ya kuruka. Linatambaa kwa heshima.

"Gari nzuri sana," Bwana Shauri husema akishuka. "Mimi sikuinuka hata kidogo."

Nami huandika: hakuinuka. Jioni hiyo nilijiona nimeitumikia dola.

Mwenye kuumia alikuwa Sadala. Bwana Shauri akiondoka, Uzito nao hushuka, na pikapu hurudia tabia yake. Kapu la mayai la Bwana Shamba lilifika likiwa kimiminika. Sadala akapata barua ya onyo. Chupa za dawa za Mbwara zikafika vigae. Barua ya pili. Kila mara Bwana Shauri aliandika kwamba gari ni zima, yeye mwenyewe amelipanda, basi aliye mbovu ni dereva. Barua ya tatu ilikuwa ya kumfukuza kazi, kwa kosa la kurusha abiria. Niliipiga taipu mimi, kwa nakala tatu, bila kosa hata moja, na Bwana Shauri angemkabidhi mwenyewe mbele ya watu pale Ndundu.

Sadala aliiona ikiwa bado kwenye mashine.

"Karani, mimi nina watoto wanne."

"Utaratibu hauna jicho, Sadala."

"Wewe je, unalo?"

Niseme ukweli, niliona haya, nikajifanya natafuta muhuri. Aliponiuliza safari ni siku gani nikamwambia Ijumaa. "Ijumaa siku njema," akasema, akaenda zake kwa Bi Tatu kununua kitumbua kimoja, na akakaa huko saa nzima.

Ijumaa tukaondoka, Bwana Shauri mbele na Sadala, sisi nyuma. Barua ilikuwa mfukoni mwangu. Gari lilitambaa vizuri. Tulipofika katikati ya njia tukasikia adhana, na Shaabani mchinjaji, aliye mzito kuliko wote, akagonga bodi.

"Simamisha, Sadala. Sala ya Ijumaa."

"Ninyi ni wasafiri," nikasema. "Msafiri ana ruhusa."

"Safari ya kwenda kukalia gari si safari, Karani. Teremkeni, jamani."

Wakateremka wote saba. Bwana Shauri akatoa kichwa dirishani akiwa amekunja uso, kisha akakumbuka waraka wa Serikali unaokataza kuingilia ibada za wenyeji. Waraka huo nao niliubandika mimi. Akarudisha kichwa ndani.

Bi Tatu naye akawa anashuka.

"Bi Tatu, wanawake hamwendi Ijumaa!"

"Siendi. Lakini mimi na wewe peke yetu humo nyuma, Karani, mpaka Ndundu? Watu watasemaje?"

Nikabaki mimi, na uzito wangu ni wa kuku aliyekondeshwa na ugonjwa wa mdondo. Sadala akatia gia. Wala hakukimbiza, nisimsingizie. Alikwenda mwendo ule ule ulioandikwa kwenye kibao.

Shimo la kwanza lilikuwa dogo. Nilisikia kofia ya Bwana Shauri ikigonga paa. Mimi nilikuwa hewani, lakini mimi sihesabiwi.

"Bwana ameinuka," akasema Sadala kwa upole. "Kwa hiari yake au bila ya hiari?"

Bwana Shauri akairekebisha kofia. Ukumbuke ni huyu aliyekwisha kuandika mara mbili kwamba gari ni zima.

"Kwa hiari," akasema Bwana Shauri.

Nikaandika, nikiwa nimepiga magoti. Shimo la pili. Kofia, paa, swali.

"Kwa hiari! Mimi nataka kuona njia."

Shimo la saba aliinuka kwa hiari ili anyooshe miguu. La kumi na mbili, aangalie mihogo ya watu. La ishirini hakutoa sababu, alisema tu "hiari" kwa sauti nyembamba. Mimi nyuma niliuma ulimi, nikajigonga jino kwenye bodi, jino likatoka. Nikalitia mfukoni pamoja na barua, nikaendelea kuandika. Tulipofika pantoni, fomu ilionyesha Bwana Shauri ameinuka mara thelathini na moja, zote kwa hiari yake.

Aliteremka polepole kama mzazi aliyejifungua jana. Watu walikuwa wamekusanyika. Nikampa barua ya kumfukuza Sadala kwa kurusha abiria, yenye damu yangu kidogo pembeni. Akaitazama. Akamtazama Sadala.

"Bwana amerushwa?" Sadala akauliza.

Bwana Shauri akaikunja barua, akaitia mfukoni mwake, akapanda pantoni. Hakuketi.

Ripoti nilipeleka Jimboni kama kawaida. Baada ya wiki sita likaja jibu. Moja, ofisa anayeinuka kitini mara thelathini na moja kwa hiari yake, bila sababu ya maana, amechoshwa na jua, arudishwe kwao akapumzike. Mbili, dereva apongezwe kwa kutorusha mtu. Tatu, kwa kuwa hakuna aliyeinuka bila ya hiari, shokapu ni nzima. Nne, mpaka ateuliwe mwingine, karani wa Kibiti atakaimu cheo cha Bwana Shauri, kwa madhumuni ya Kifungu cha Nne tu.

Nilisoma nambari nne mara tisa.

Siku iliyofuata nilivaa kofia niliyoazima na kuketi mbele. Sadala alikuwa na furaha. "Leo kwisha kazi, Karani. Shimo moja tu, useme neno moja tu, tupate shokapu." Nyuma alikuwapo Bi Tatu peke yake, amekumbatia fomu na kalamu. Njiani watu walisimama wakanitazama, nami nikawapungia mkono kidogo, kama wanavyopunga wakubwa.

Shimo la kwanza. Kofia ikanishukia mpaka puani.

"Bwana ameinuka," akasema Sadala. "Kwa hiari au bila ya hiari?"

Watu walikuwa wakitazama. Nikasikia sauti yangu mwenyewe.

"Kwa hiari."

Sadala alinigeukia. "Haya, Bwana," akasema. Ndiyo mara ya kwanza kuniita hivyo. Akatia gia.

Bwana Shauri alivumilia mashimo thelathini na moja, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Mimi nilifika la nne tu, nikapiga kelele, "Bila ya hiari!" Fomu niliitilia sahihi kando ya njia, nimesimama, nikiwa nimeegemea mgongo wa Bi Tatu, ambaye aliniuliza kwa sauti, ili wote wasikie, kama hapo nimesimama kwa hiari yangu.