Kibaraza Kilichoingoja Mashine

Jumatatu, 27 Novemba
Kiwandani wamemaliza mashine ya kukata makaa ya mawe. Iko uani, ndefu kuliko kanisa letu, inangoja kubarikiwa siku ya Mtakatifu Barbara, msimamizi wa wachimba makaa. Mji mzima unakula kwa mgongo wake. Mwokaji kaongeza wafanyakazi, kinyozi kanunua kiti cha pili, shemeji yangu Ginter anauza soseji za damu langoni mpaka kachoka kutabasamu. Baa yangu tu ndiyo inaliwa na nzi. Mke wangu Trudka kasema mambo yakiwa hivi mpaka Krismasi, anaifunga.

Jumatano, 29 Novemba
Nimepata! Mashine ya kwenda bandarini Gdansk lazima ipite mtaa wetu. Mtaa ni mwembamba. Nikijenga kibaraza mbele ya baa, haipiti. Kiwanda kitakuja kunibembeleza na fidia mkononi. Trudka kauliza, ndani kwenyewe hakujai, kibaraza cha nani? Hana maono.

Ijumaa, 1 Desemba
Kibaraza tayari. Kimemeza njia yote ya miguu. Wafanyakazi wa zamu za kiwandani sasa wanapita ng'ambo ya mtaa, na huko ndiko Ginter kahamishia soseji. Kaniambia, "Asante, shemeji, kwa kuniswagia wateja." Mdomo wangu ulikuwa umejaa soseji yake.

Jumatatu, 4 Desemba
Siku ya Barbara. Bendi, wachimbaji na kofia zao zenye manyoya ya ndege, paroko kairushia mashine maji ya baraka. Nimeshinda kibarazani na suti, nikiwangoja wakurugenzi. Bia ya bure ilikuwa kiwandani. Hakuja mtu.

Jumanne, 5 Desemba
Mashine imefunguliwa vipande, imeondoka kwa treni. Fundi mkuu kanishangaa: kila mwaka wao huunga mashine nzima kwa ajili ya paroko tu, isije ikabarikiwa nusu. Nimezaliwa hapa, lakini tarehe tano huwa nimelala, kichwa kinaniuma kwa bia ya Barbara. Mwaka huu ndio kwanza niliamka mzima.
Manispaa wanataka kibaraza kibomolewe. Trudka kafunga baa, kapata kazi jikoni kiwandani. Kasema makombo ataniletea.

Jumatano, 6 Desemba
Nimebomoa. Mbao bado nzima. Trudka kasema kiwanda kimepata oda ya mashine mbili nyingine.
Nikaenda kunyoosha miguu kando ya reli. Pale nyuma ya banda la njiwa la Ginter, treni inapita karibu kabisa. Kibaraza kingekaa vizuri sana.