Kibali cha Kuitwa Nkusi

Wananchi wa Gisenyi walitangaziwa kwa furaha kwamba, kuanzia Jumatatu, hakuna mtu atakayeitwa neno la kale bila kibali. Kamati ya Asili na Maana za Majina ilikuwa imeundwa, ikapewa ofisi inayotazama ziwa, mihuri mitatu, na Larissa, karani mpya mwenye haya hata ya kugonga muhuri kwa kishindo.

Mwenyekiti, Bwana Nkusi, alikuwa amesoma Tanzania na kurudi na Kiswahili kilichopigwa pasi. Jina la kwanza kuchunguzwa lilikuwa lake. Baada ya semina mbili hotelini, ilithibitika kwamba Nkusi ni neno la zamani mno, maana yake imesahauliwa na watu wote, na kwa hiyo lazima iwe “kiongozi wa viongozi”.

Ndipo akaja Jovia, muuza karoti wa Rugerero, mtoto mgongoni. Alitaka mtoto aandikwe Nkusi, jina la marehemu babu yake yeye Jovia. Bila cheti cha kuzaliwa hakuweza kumvusha mpakani, na mtoto alikuwa bado ananyonya. Wiki mbili karoti zake hazijaiona Goma, ng'ambo ya mpaka.

Mwenyekiti akauliza babu alikuwa na cheo gani. Jovia akasema alilima maharage.

“Alimwongoza nani?”

“Mbuzi, chef,” alijibu, akimwita mkubwa kwa Kifaransa cha sokoni. “ Na zenyewe zilikuwa zinakatala.”

Kamati ilijadili saa nzima, ikakuta mbuzi hawamo kwenye kanuni. Mtoto akapewa jina la muda: Faili 114. Larissa aliandika, kisha pembeni akaongeza kwa penseli: anatabasamu.

Jovia hakuondoka. Alikaa kwenye benchi siku tatu, akinyonyesha. Ili kuyamaliza mabishano, mwenyekiti alimleta kwa gari la ofisi shahidi asiyepingika: mama yake mzazi, Verediane wa Busasamana.

Mama alikataa maikrofoni. Akaeleza kwamba mwaka aliomzaa mwenyekiti njaa ilikuwa kali. Siku ya nane, watoto wa jirani waliitwa kama ilivyo desturi, waje kula, kisha wamtajie mtoto mchanga majina. Chungu kilikuwa kitupu. Jirani mmoja akaleta kikapu cha maharage. Watoto wakala wakashiba, na walipoulizwa jina, wote wakataja la mwenye maharage.

“Muzee Nkusi,” alisema, akamgeukia Jovia. “We si mujukuu wake? Ile macho ni yake.”

“Na maana ya neno, Mama?” mwenyekiti aliuliza, sauti imesinyaa.

“Maana gani, mwanangu? Mutu alikuwa muzuri. Tukakuita yeye.”

Larissa akafungua kanuni alizoziandika mwenyekiti mwenyewe, akasoma kifungu cha tisa bila kuinamisha kichwa: aliyepewa jina la mtu asitie saini popote hadi apate idhini ya mtoto wa ukoo wa mwenye jina, anayelirithi. Na kwa kuwa faili haliwezi kutoa idhini, makamu mwenyekiti, ambaye kalamu yake haikuzuiwa, alimpa mtoto cheti cha jina Nkusi papo hapo. Jovia akakaza kitenge, akashika njia ya mpakani.

Tangu hapo Bwana Nkusi huonekana kila asubuhi kwenye foleni ya wachuuzi mpakani, fomu ya idhini mkononi, akimsubiri mrithi. Jovia humpokea kwa adabu zote.

“Pole, chef,” humwambia. “Nkusi iko analala.”