Dawa kwa Cheo

Idara Kuu ya Itifaki ina furaha kuutangazia umma kwamba ile aibu ya mkurugenzi na mfagizi kumeza kidonge cha aina moja imekomeshwa. Waraka ulitiwa saini na Mkurugenzi Mkuu mwenyewe. Mimi, naibu wake, ndiye niliyemshikia kifuniko cha kalamu.

Waraka uligawa dawa za bakteria kwa cheo. Wafagizi walipewa penisilini, dawa ya tangu enzi za babu zetu. Makarani wakapata za kati. Ile dawa kali, ambayo daktari wa zahanati yetu aliifungia kabatini kwa ajili ya wagonjwa mahututi, ikawa ya Bosi peke yake, pamoja na kabati.

Basi Bosi akipiga chafya tu, anameza dawa kali. Daktari, mama asiyejua kubembeleza wakubwa, alijaribu kumweleza kwamba mafua huletwa na virusi, na dawa hizi ni za bakteria: nyingine humbomolea bakteria ukuta wake, nyingine humzuia asizaliane. Kirusi hana hata huo ukuta. Bosi akajibu kwamba asiye na ukuta ana tatizo la makazi, apelekwe Wizara ya Ardhi. Tulicheka kwa kufuata vyeo, nikianza mimi.

Akipata nafuu kidogo, vidonge vilivyobaki anavirudisha kwenye droo. Bakteria walionusurika mwilini mwake wakaizoea ile dawa kama tulivyozoea hotuba zake.

Siku moja akajigonga kwenye kona ya meza yake mpya. Mguu ukachubuka, ukavimba, ukawa mwekundu, homa ikapanda. Akameza dawa kali. Uvimbe ukafika gotini. Daktari akapeleka sampuli maabara, na majibu yakaja: bakteria hawa dawa kali hawaijali, ila penisilini inawaua.

"Mzee, nikuchome penisilini leo," akasema. "Ukichelewa, tutaanza kuzungumzia kukata mguu."

Niliingiwa na hofu ya kweli, maana nimejenga maisha yangu kwa kutembea nyuma ya mguu ule. Lakini sheria ni sheria. Nikamkumbusha Bosi kwamba penisilini ni ya wafagizi, na waraka haubadilishwi bila kikao cha bodi, na bodi iko ziarani ng'ambo.

"Sasa nife?" akauliza.

"Hapana, Mzee. Tukushushe cheo."

Alitia saini huku akitetemeka kwa homa. Sindano ya kwanza alichomwa akiwa mfagizi halali wa ghorofa ya chini.

Dawa ikafanya kazi yake. Daktari akamsimamia mpaka dozi ikaisha yote, mguu ukapona kabisa. Ndipo akapanda ofisini kudai kiti chake. Nikamweleza kwa heshima kwamba mfagizi hupandishwa cheo kwa saini ya Mkurugenzi Mkuu, na mkurugenzi kwa sasa hatuna. Mimi ni kaimu tu, siwezi kuteua mtu wa kunizidi. Akachukua ufagio wake, akashuka kufagia ngazi.

Leo nimeamka na mafua. Ufunguo wa kabati ninao, na kidonge cha kwanza cha dawa kali kimo mkononi. Mfagizi wetu mpya amesimama mlangoni na fagio mbili. Nimemuuliza huo wa pili ni wa nani.

"Wewe meza dawa, Mzee," amenijibu. "Mimi nitasubiri."